Fomu Hiyo ni ya Mtoto



Mwezi Novemba, wanafunzi wa kidato cha nne wakishaweka kalamu chini, wengi hurudi nyumbani kusubiri matokeo. Lakini lipo kundi dogo lenye hangaiko jingine. Hawa ni vijana waliosikia kwa mwalimu, au kwa kaka wa jirani, kwamba nje ya nchi zipo shule za kimataifa zinazofundisha kwa Kiingereza, zinazochukua watoto wa umri wao kwa masomo ya miaka miwili kabla ya chuo kikuu, na kwamba hata mtoto wa mkulima anaweza kusoma huko bila baba yake kuuza shamba. Wanatafuta mwenye kompyuta, wanafungua fomu ya maombi, wanajaza jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha wanakwama.

Wakikwama, sisi watu wazima tunaingia. Anaingia mzazi, anaingia mwalimu, anaingia mjomba mwenye kazi ya ofisini, na wakati mwingine anaingia bwana fulani anayesema njia zote anazijua. Ni sisi hao ninaotaka tuzungumziane jioni hii, kwa sababu nimeketi na vijana wengi wanaojaza fomu hizi, na nimeona maombi mazuri yakiharibiwa na watu waliomtakia mtoto mema kabisa.

Kwanza tuelewane ni shule za namna gani, maana sizungumzii kila shule yenye bango la kimataifa barabarani.

Juu ya kilima, nje kidogo ya Mbabane nchini Eswatini, iko shule iitwayo Waterford Kamhlaba. Ilifunguliwa mwaka 1963, wakati jirani yake, Afrika Kusini, ilikuwa imepiga marufuku kwa sheria mtoto mweusi na mtoto mweupe kusoma pamoja. Mwalimu mmoja Mwingereza, Michael Stern, aliyekuwa akifundisha Afrika Kusini, alivuka mpaka na kuanzisha shule ambayo watoto wa rangi zote wangekaa dawati moja na kulala bweni moja. Mabinti wa Nelson Mandela, Zenani na Zindzi, walisoma hapo wakati baba yao yuko kifungoni Robben Island. Jina la Kamhlaba ilipewa na Mfalme Sobhuza wa Pili. Mwaka 1981 shule hiyo ikajiunga na mtandao wa shule uitwao United World Colleges, ambao wengi huufupisha UWC.

Shule ya kwanza ya mtandao huo ilifunguliwa mwaka 1962 katika ngome ya kale ufukweni mwa Wales. Wazo lilitoka kwa Kurt Hahn, mwalimu wa Kijerumani mwenye asili ya Kiyahudi, aliyetiwa ndani na utawala wa Hitler mwaka 1933 na kisha kukimbilia Uingereza. Hahn aliamini kwamba vijana wa mataifa yaliyopigana, wakikutanishwa mapema, kabla chuki haijakomaa vifuani mwao, watajenga kitu ambacho wazee wao walishindwa kukijenga. Leo shule za mtandao huo ni 18. Ziko Norway, India, Armenia, Costa Rica, Singapore na kwingineko, na mojawapo iko hapa hapa kwetu Tanzania: ile iliyoanza Moshi mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa hospitali ya KCMC, ikapanuka hadi Arusha, na kuingia UWC mwaka 2019. Kwa hiyo kijana wa Bujumbura au wa Goma naye anajaza fomu ya kuja Moshi, kama wa Singida anavyojaza ya kwenda ng'ambo.

Nje ya mtandao huo zipo nyingine. Kando ya Johannesburg kuna African Leadership Academy, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2008. Mombasa kuna Aga Khan Academy, iliyofunguliwa mwaka 2003. Miongoni mwa waliopita pale Johannesburg ni William Kamkwamba wa Malawi. Kijana huyu aliacha sekondari kwa kukosa ada wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002, akawa anakwenda kusoma vitabu kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi, akaunda kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli kuukuu na nguzo za mikaratusi, na nyumba ya baba yake ikapata taa. Hakuwa na cheti cha kumtangaza. Alikuwa na kitu alichokifanya mwenyewe kwa vilivyokuwapo.

Naomba mfano huo ukae akilini, kwa sababu fomu za shule hizi zinatafuta kitu cha namna hiyo hiyo. Ukiondoa jina, umri na alama, kinachobaki ni maswali. Jambo gani katika mtaa wenu linakukera, na umefanya nini juu yake? Lini ulibadili mawazo yako, na nani alikubadilisha? Nini kinakufanya utake kuishi na watu wasiofanana nawe? Maswali yanaonekana mepesi. Mtoto wetu ambaye kwa miaka kumi na moja ameulizwa majira ya mwaka na sababu za Vita vya Majimaji, hajawahi hata mara moja kuulizwa na mtihani kwamba yeye binafsi anaona nini. Anaitazama karatasi, anaona haya, anasema hana la kuandika.

Hapo ndipo mjomba anapovuta kiti.

Mjomba anaandika vizuri. Anaandika kwamba tangu utotoni mwombaji amekuwa na shauku kubwa ya kuleta maendeleo endelevu barani Afrika, kwamba elimu ni ufunguo, kwamba anaota kuwa kiongozi atakayeondoa umaskini. Siku hizi hata mjomba hahitajiki. Akili mnemba kwenye simu inaandika maneno hayo hayo kwa sekunde chache. Tatizo ni kwamba wanaosoma maombi, ambao kwa upande wa UWC ni kamati za nchi husika, mara nyingi watu wa kujitolea waliosoma shule hizo hizo, wanaona sentensi hizo kwenye kila bahasha. Wakifika ya ishirini hawamwoni tena mtu nyuma ya maneno. Na hata insha ikipita, kuna usaili mbele. Mtoto ataulizwa juu ya aliyoyaandika, na ataonekana haijui insha yake mwenyewe.

Nikueleze jambo moja nililoliona kwa karibu. Msichana mmoja wa pwani ya mashariki ya Unguja aliniletea rasimu yake. Ilikuwa na klabu ya mazingira, ilikuwa na upandaji miti siku ya kitaifa, na ilikuwa na malengo ya milenia. Nikamuuliza, mwanangu, ukitoka shule jioni unafanya nini? Akasema hafanyi kitu, anamsaidia mama tu. Unamsaidia nini? Mama analima mwani. Basi tukaongea mwani. Akanieleza kwamba ule mwani mnene, wenye bei nzuri, ulianza kuoza kwenye kamba kwa sababu maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto mno, na kwamba wanawake wangeweza kuuhamishia kwenye maji ya kina kirefu ila wengi wao hawajui kuogelea wala kushika chombo. Wakabaki na mwani mwembamba, ambao bei yake ni ya chini. Kisha akasema, kama kitu kisicho na maana, kwamba yeye ndiye anayeshika daftari.

Daftari gani? Akalitoa kwenye mkoba. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, mistari imepigwa kwa rula: tarehe, jina, kilo, bei, saini. Mama yake na shangazi zake walikuwa wakipimiwa na mnunuzi na kukubali lolote analosema. Yeye, akiwa darasa la saba, aliazima mizani dukani, akaanza kupima kabla mzigo haujapelekwa na kuandika kila furushi. Mwezi wa pili mnunuzi alipotaja kilo zake, shangazi alifungua daftari. Hawakugombana. Tangu siku hiyo anapima mbele yao, na kina mama wa jirani wakaanza kumletea na wao mafurushi yao ayaandike.

Nikamuuliza kwa nini hayo hayamo kwenye fomu. Akaniambia walimuelekeza kwamba huko nje wanataka uongozi, na yeye hajawahi kuwa kiranja.

Wazazi na walimu, hili ndilo linaloniuma. Tuna watoto wanaolea wadogo zao, wanaosomesha madrasa baada ya alasiri, wanaopanga zamu za kisima, wanaouza maandazi alfajiri na kujua hesabu ya unga na mafuta kuliko mhasibu, wanaomsomea bibi dozi ya dawa zake za presha kila usiku. Nyingi kati ya shule hizi zina sehemu nzima ya masomo inayoitwa ubunifu, mazoezi na huduma, ambayo mwanafunzi hapati diploma bila kuikamilisha. Wakiuliza huduma, wanauliza kuhusu hayo hayo maandazi na hiyo dawa ya bibi. Sisi tunayafuta kwa sababu tunayaona ni ya nyumbani, ni ya umaskini, hayafai kupelekwa mbele za watu. Tunamwandikia klabu ambayo alihudhuria mara mbili.

Msichana wa mwani aliandika upya. Kiingereza chake kilikuwa na makosa, na tuliyaacha mengi. Aliitwa kwenye usaili, na nilivyosikia aliongea juu ya daftari lake hadi muda ukaisha.

Nimetaja Kiingereza, tukizungumzie, kwa kuwa ndicho kinachowatisha wengi. Ni kweli karibu masomo yote yanafundishwa kwa lugha hiyo, na mtoto asiyeweza kusoma ukurasa wa kitabu cha sayansi akauelewa atateseka. Huo ni ukweli ambao mzazi asiufunike. Lakini wanaochagua wanajua kwamba mtoto wa Kiswahili, wa Kikhmer au wa Kihispania atafika akiwa na lugha ya shule za kwao. Wanachopima ni kama anaweza kusema anachomaanisha. Mtoto anayesema kwa sentensi fupi, zenye kosa la hapa na pale, lakini unaelewa kabisa alichokiona na alichokifikiri, yuko mbele ya yule aliyekariri aya za mtu mwingine. Kama muda upo, mwache asome vitabu vya hadithi kwa Kiingereza kila siku, na asikilize taarifa ya habari, na aandike ukurasa mmoja wa mambo yake mwenyewe kila jioni. Hiyo itamfaa kuliko kozi ya wiki mbili ya maneno magumu.

Na lipo jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Masomo ya shule nyingi kati ya hizi yako chini ya International Baccalaureate, taasisi iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968. Mwanafunzi huchukua masomo sita, kwa kawaida matatu ya kiwango cha juu na matatu ya kiwango cha kawaida, na huandika utafiti wake mwenyewe wa hadi maneno 4,000. Mojawapo ya masomo hayo sita linaweza kuwa fasihi ya lugha yake ya kwanza, na Kiswahili kimo kwenye orodha. Hata shule ikikosa mwalimu wa Kiswahili, mwanafunzi anaweza kuruhusiwa kujisomea fasihi hiyo chini ya usimamizi wa shule na kuifanyia mtihani. Kijana wa Tabora anaweza kukaa kwenye theluji ya Norway akichambua tamthilia ya Kiswahili, na alama yake ikahesabiwa sawa na ya mwenzake anayesoma fasihi ya Kiingereza. Kwa hiyo mzazi anayesema mtoto aache Kiswahili ili ajiandae, anamnyang'anya somo ambalo lingekuwa lake la uhakika.

Sasa tufike kwenye usaili, na hapa naomba uvumilivu kidogo, maana unagusa malezi.

Tumewafundisha watoto wetu heshima, na mimi ni muumini wa heshima hiyo. Mtoto akikutana na mkubwa anaamkia shikamoo, anainamisha macho, anajibu alichoulizwa, hampingi mkubwa. Kisha siku moja anakaa mbele ya watu wazima watatu, naye anaulizwa: wewe unakubaliana na mwenzako aliyesema wakimbizi warudishwe kwao? Anajibu, ndiyo. Wanamuuliza kwa nini, anatabasamu na kukaa kimya. Wasaili hawajui kwamba kimya hicho ni adabu. Wanaandika kwamba hana maoni.

Dawa yake huwezi kuinunua usiku wa kuamkia usaili. Inatakiwa ianze mezani nyumbani. Baba, taarifa ya habari ikiisha, muulize binti yako ameionaje, na akisema jambo usilolipenda mwache alimalize. Mama, mwambie mwanao akubishie kwa adabu: "Mama, samahani, mimi naona tofauti," halafu aseme anavyoona. Mtoto anayeweza kumwambia mama yake hivyo, ataweza kumwambia mtu yeyote duniani, na macho yake akiyainamisha kidogo hakuna atakayemlaumu. Walimu nao wana nafasi hapa. Midahalo ya shule iliyokuwa ikifanyika kila Ijumaa imekufa katika shule nyingi kwa sababu mtihani umemeza ratiba yote. Mwalimu mkuu anayeifufua anawasaidia wanafunzi wengi zaidi ya hao wawili watatu wanaoomba nafasi za nje.

Nikiwa bado kwa walimu, nataka niseme juu ya barua ya mwalimu, kwa sababu ina uzito ambao walimu wengi hawaujui. Barua niliyozoea kuiona ina mistari mitano: mwanafunzi huyu ana nidhamu, ni mtiifu, ni msafi, anashirikiana na wenzake, namwombea apokelewe. Ni barua ya mtu mwema, lakini ingeweza kuandikwa kwa mwanafunzi yeyote kati ya mia nne. Msomaji wa mbali anataka kuona tukio. Mwalimu wa fizikia anayeandika kwamba mwanafunzi huyu alimwambia jibu la kitabu limekosewa, wakakaa naye hadi jioni wakakuta kweli limekosewa, ameandika sentensi moja tu na amemtambulisha mtoto kikamilifu.

Na kuna kazi nyingine ambayo ni mwalimu peke yake anayeiweza: kueleza matokeo. Kwetu Tanzania A huhesabiwa pointi 1 na F pointi 5. Tunajumlisha masomo saba bora, na mwenye pointi 7 ndiye aliyefanya vizuri kuliko wote. Daraja la kwanza linaanzia 7 na kuishia 17. Sasa mpelekee karatasi hiyo msomaji aliyekulia katika International Baccalaureate, ambako pointi 45 ndiyo alama ya juu kabisa na chini ya 24 hupati diploma. Anaona kijana wetu ana pointi 9. Usipomweleza, anaweza kudhani huyu ameanguka vibaya, kumbe ndiye aliyeongoza wilaya. Aya moja kwenye barua inatosha: tunahesabu hivi, shule yetu ina wanafunzi kadhaa, huyu alikuwa wa ngapi, maabara yetu ina nini na haina nini. Mtoto aliyepata B ya kemia bila kushika kifaa cha maabara hata siku moja anastahili msomaji alijue hilo.

Kuhusu kalenda, nitapita haraka. Maombi mengi hufungwa kabla matokeo ya kidato cha nne hayajatoka mwezi Januari, hivyo mtoto hutumia matokeo ya kidato cha pili na ripoti za shule. Shule za kaskazini mwa dunia huanza Agosti au Septemba, wakati kidato cha tano kwetu kinaanza Julai. Ushauri wangu ni mmoja: mtoto akipangiwa kidato cha tano, aende. Asikae nyumbani kusubiri barua ya nje. Barua isipokuja, hajapoteza kitu. Ikija, ataaga wenzake na kuondoka.

Na fedha. Shule hizi ni ghali sana kwa bei iliyoandikwa, lakini UWC hupanga msaada kwa kuangalia uwezo wa familia, na wengi husoma kwa ufadhili wa sehemu au wote. Mzazi atatakiwa kueleza kipato chake. Aeleze ukweli, hata kama ni kipato cha genge la nyanya kisicho na karatasi; barua ya serikali ya mtaa na maelezo ya wazi yanaeleweka. Kisha aulize kwa maandishi ufadhili unalipia nini. Nauli ya ndege je? Bima ya afya? Viza? Koti la baridi? Likizo fupi, bweni likifungwa, mtoto atalala wapi? Akiugua usiku, nani anampeleka hospitali, na nani atanipigia simu? Haya ni maswali ya mzazi, na hakuna shule ya maana itakayochukia kuulizwa. Mama anayemtuma binti wa miaka kumi na saba nchi asiyoijua ana haki ya kujua jina la mlezi wa bweni kabla hajasaini kitu.

Yule bwana anayezijua njia zote hana nafasi katika mpango huu. Nafasi za ufadhili haziuzwi. Fomu iko wazi kwenye tovuti ya shule au ya kamati ya nchi, na kama ipo ada ya maombi imeandikwa hapo hapo, na inalipwa hapo hapo. Mtu anayekuambia umpe milioni ili "jina lipite" anachukua milioni yako, basi. Nimeona familia ikiuza ng'ombe kwa ahadi ya namna hiyo, na kijana alikuja kugundua kwamba hata maombi yenyewe hayakuwahi kutumwa. Aliyefanya hivyo hajarudisha shilingi hadi leo.

Wengine huuliza: je, akimaliza huko, cheti chake kitatambulika nyumbani? Kitatambulika, lakini lazima kilinganishwe. Tanzania kazi hiyo ya vyeti vya sekondari hufanywa na Baraza la Mitihani, NECTA. Anayetaka kuendelea nje naye ana milango. Tangu mwaka 2000 upo ufadhili wa familia ya Shelby Davis kwa waliomaliza UWC wanaoingia vyuo vya Marekani vilivyo kwenye mpango huo. Ulianza na vyuo vitano tu, Princeton kikiwemo, na umeenea sana. Lakini nawaomba wazazi wasianze na hilo. Mtoto anayepelekwa usailini huku ameambiwa kwamba hii ni njia ya kwenda Marekani, huyasema hayo kwa macho hata akikaa kimya. Aende kwa sababu anataka kuishi na watu wengine na kujifunza.

Kwa kijana unayenisikiliza, chukua karatasi usiku huu uandike mambo unayoyafanya nyumbani tangu unapoamka hadi unapolala, kwa Kiswahili, bila kupamba. Usimwonyeshe mtu kwanza. Kesho yasome, chagua moja ambalo lisingefanyika kama usingekuwepo wewe, na anza nalo. Tafsiri itakuja baadaye, na itakuwa yako.

Walimu, mkiletewa fomu, kataeni kumwandikia mtoto insha, na muahidini barua nzuri badala yake.

Na nyinyi wazazi, kazi yenu ianze kwenye sanduku la nyaraka. Toeni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, toeni na ripoti yake ya shule, mlinganishe majina herufi kwa herufi. Wengi watakuta cheti kina Mohamed na shule ina Mohammed, au shule imeandika jina la babu ambalo kwenye cheti halipo, au cheti chenyewe hakijawahi kuchukuliwa. Nendeni RITA, ofisi inayosajili vizazi, na walioko Visiwani waende kwenye ofisi ya usajili ya huko, mkarekebishe sasa hivi wakati mtoto yuko kidato cha tatu. Pasipoti haitoki kwa majina yanayopingana, na viza haitoki bila pasipoti. Marekebisho hayo huchukua muda, na tarehe ya kufungua shule haisogezwi kwa ajili ya mtu.